Ratiba ya Siku ya Mvua

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya kuzidisha treni za abiria baina ya Lubumbashi na Likasi, na hapa kwetu Likasi mazungumzo hayo hayana msimu, maana huyasikia sokoni Kikula kama vile unavyoyasikia katika hotuba za wakubwa, swali la kwanza liulizwalo ni hili: zitapita ngapi kwa siku? Mmoja husema moja haitoshi, mwingine hutaka tatu, na yule aliyewahi kukaa Ulaya hutaka kila saa. Sijapata kumsikia mtu akiuliza, kabla ya kutaja idadi, treni hizo zitafika saa ngapi, na zikichelewa ni nani atakayejua na atafanya nini. Rai yangu, ambayo nitaieleza kwa kirefu kwa kuwa gazeti la mwisho wa juma lina wasaa, ni kwamba swali hili la pili ndilo listahililo kutangulia, na kwamba idadi ya treni katika reli kama yetu sharti ipimwe kwa siku mbaya kabisa ya mwaka, siku ya mvua kubwa ya Februari, wala si kwa siku njema ya Julai.

Reli hii ilipoingia Katanga kutoka kusini na kufika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, na kisha kusonga mbele hata Bukama, ukingoni mwa mto Lualaba, mwaka 1918, haikuletwa kwa ajili ya mama mwenye vikapu vya mboga wala mwanafunzi arejeaye likizoni. Iliitwa na shaba, ikajengwa kwa hesabu za tani, na abiria akapewa nafasi iliyosalia. Sisemi hivi kwa kuwalaumu waliokwisha kufa. Nasema kwa sababu mpango wa njia yenyewe, yaani reli moja yenye upana wa milimita 1,067, ipindayo milimani na kutawanyiwa vituo vya kupishana huku na huko, ulifuata muradi ule, na muradi ule ungali unatutawala. Hata umeme, ambao ulitandazwa juu ya reli baina ya Jadotville, kama mji wetu ulivyoitwa siku hizo, na Tenke mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakati nchi nyingi za Ulaya zilikuwa zingali zikichoma makaa ya mawe katika magari yao ya moshi, ulitandazwa kwa kuwa madini yalikuwa mazito na maji ya Lufira na Lualaba yalikuwa karibu. Ilikuwa tadbiri njema, na mtu mwenye insafu hawezi kuwanyima wahandisi wale sifa yao. Walakini haikuwa tadbiri ya abiria.

Sasa, njia ya reli moja ina tabia zake, na asiyezijua atadanganywa na kila mwenye kuahidi. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana ila mahali palipotengwa, kama vile ujia mwembamba baina ya nyumba za mji wa kale, ambamo wawili wakikutana sharti mmoja ajibanze mlangoni mpaka mwenziwe apite. Treni ya abiria ikikawia Likasi dakika ishirini kwa kuwa magunia ya mkaa hayajakwisha kupakiwa, treni ya shaba itokayo upande wa pili itaingoja katika kituo cha kupishana; na kwa kuwa hiyo ya shaba imengoja, ya tatu iliyokuwa ikutane nayo mbele itangoja pia, nayo ya nne kadhalika; hata jioni ikifika, ucheleweshaji ule wa dakika ishirini, ulioanzia katika gunia moja, umekwisha kuzaa saa mbili tatu katika vituo ambavyo gunia lile halikupata kuonekana. Na jambo hili halikui kwa kadiri, bali kwa kuruka: njia ikiwa na treni chache, kosa dogo humezwa na nafasi iliyopo baina ya treni na treni; njia ikijazwa pomoni, hakuna nafasi ya kulimeza, na kila kosa huwa la wote. Ongeza juu ya hayo kwamba treni zetu hazina mwendo mmoja, kwa maana ile ya madini hutambaa na ile ya abiria hutaka kwenda mbio, na treni za mwendo mbalimbali zichanganywapo katika njia moja hula nafasi kuliko zingekuwa zote za polepole au zote za kasi. Mwenye kusema “ongezeni treni mbili tu” huwa hajui kwamba pengine mbili hizo zinaondoa nafasi ya nne.

Wala asidhani mtu kwamba balaa hii ni ya maskini peke yao. Tarehe 20 Mei 2018, huko Uingereza, nchi iliyowafundisha wengine reli, mashirika ya Northern na Thameslink yalianza ratiba mpya iliyopangwa kwa nia njema kabisa ya kuwapa watu treni nyingi zaidi. Kazi za kutandaza umeme kaskazini zilikuwa zimechelewa, ratiba ikapangwa upya kwa haraka, madereva walikuwa hawajamaliza kufundishwa njia zao mpya, na matokeo yake ni kwamba treni kwa mamia zilifutwa kila siku, na watu wenye kazi London na Manchester wakarundikana vituoni wakisoma ratiba iliyojaa treni zisizokuja. Tiba iliyopatikana ilikuwa chungu kwa wapenda hesabu kubwa: tarehe 4 Juni, Northern iliziondoa treni 165 kwa siku katika ratiba yake, ili zilizobaki ziwe treni za kweli. Miaka minne baadaye, mnamo Desemba 2022, ratiba ya Manchester ilipunguzwa tena, kwa sababu kipande kifupi cha njia kipitacho katikati ya mji, baina ya Deansgate na Piccadilly, kilikuwa kimepangiwa treni zaidi ya kiliwezavyo. Watu walinung’unika, na haki yao. Lakini ni afadhali kunung’unikia treni ambayo haimo katika ratiba kuliko kuingoja ile iliyomo na isiyokuja.

Najua nitakavyojibiwa, na jawabu hilo lina nguvu. Nitaambiwa kwamba wingi wenyewe ni aina ya uaminifu. Katika Tokyo kuna njia ya mviringo iitwayo Yamanote, yenye urefu wa kilomita 34.5 na vituo 30, ambayo asubuhi treni zake hufuatana baada ya dakika chache tu, hata abiria hana haja ya kuijua ratiba. Ikimpita moja, ya pili inaonekana. Kwa mtu wa namna ile kuchelewa kwa treni moja si kitu. Na aliye na treni moja kwa juma, hata ikifika kwa dakika yake, akiikosa amekosa juma zima. Basi, nitaambiwa, kipi bora kwa mchuuzi wa samaki wa Bukama, ambaye bidhaa yake haimngoji: treni moja yenye adabu, au tano zenye matata?

Nakiri kwamba Yamanote ni hoja, lakini si hoja yetu. Njia ile ina reli zake yenyewe, haishirikiani na treni za madini, wala treni zake hazikabiliani. Wingi unaoponya uchelewaji ni ule tu uliofika mahali ambapo ratiba haina kazi tena. Na baina ya treni moja kwa siku na treni moja kwa kila dakika nne kuna jangwa pana, na katika jangwa hilo kila treni unayoiongeza bila kuiwekea nafasi ya kupumulia humwongezea abiria tamaa pasipo kumwongezea yakini. Sisi tumo katika jangwa hilo na tutakuwamo kwa miaka mingi. Hata Mumbai, ambako treni za vitongojini huchukua watu kwa mamilioni kila siku, wingi haukuwa dawa kamili: milango hubaki wazi ili watu waingie na kutoka kwa nusu dakika, na kwa miaka mingi zaidi ya watu 2,000 kwa mwaka wamekuwa wakifa juu ya reli zile, wengine wakianguka milangoni, wengine wakikatiza njia kwa miguu.

Lakini sitaki msomaji aelewe kwamba nautetea uchache. Uchache wa treni za abiria katika nchi yetu umekwisha kuua, na umeua kwa namna inayofahamika vizuri. Usiku wa tarehe 10 Machi 2022, treni ya mizigo iliyotoka Luena kuelekea Tenke ilitoka relini karibu na kijiji cha Buyofwe, katika wilaya ya Lubudi, na baadhi ya mabehewa yakatumbukia bondeni; waliokufa walizidi 60. Haikuwa treni ya watu, walakini ilikuwa imejaa watu. Mwezi Novemba 2017, katika wilaya hiyohiyo, treni iliyochukua mafuta ilianguka, na watu wasiopungua 30 wakafa. Mwezi Aprili 2014, kaskazini ya Kamina, makumi ya watu walikufa katika treni nyingine ya mizigo. Kila mara maelezo ya kwanza ya wakubwa yalikuwa kwamba waliokufa walipanda kwa siri, bila ruhusa wala tikiti, na maelezo hayo ni ya kweli, ila ni nusu ya kweli. Kwa kuwa mtu hakwei juu ya tangi la mafuta akiwa na mtoto mgongoni kwa sababu anapenda upepo. Hukwea kwa sababu treni ya abiria haijulikani itapita lini, ama juma hili au lile, na hii ya mizigo anaiona kwa macho yake imesimama mbele yake. Kutokuwa na hakika ndiko kumpandishako, kuliko hata uchache wenyewe: angalijua kwa yakini kwamba Alhamisi saa nne treni ya abiria itafika, wengi katika hao wangalingoja Alhamisi.

Na hapo mduara hukamilika kwa ubaya. Treni ikianguka, njia hufungwa. Njia ikifungwa kwa siku nyingi, treni za abiria chache zilizokuwapo hufutwa. Zikifutwa, watu wengi zaidi hungojea ile ya mizigo itakayofuata.

Msomaji azitazame tarehe zile mara ya pili: Novemba, Machi, Aprili. Zote zimo katika majira yetu ya mvua au mwishoni mwake. Sisemi kwamba mvua ndiyo iliyoangusha kila treni, kwa maana sababu ni nyingi, na uchakavu wa reli, breki mbovu na mizigo iliyozidi kiasi vina sehemu yao kubwa. Nasema tu kwamba reli kongwe, yenye mataruma yaliyooza na tuta lililolegea, ina miaka miwili ndani ya mwaka mmoja, mwaka wa kiangazi na mwaka wa mvua, ilhali sisi tunaipangia ratiba moja kana kwamba ardhi haibadiliki. Wenzetu wa Tanzania wanayajua haya, kwani reli yao ya kati, baina ya Kilosa na Gulwe, imesombwa na mafuriko mara kwa mara, na kila mara safari za Kigoma na Mwanza zikasimama.

Kwa hiyo mfano ninaoupenda si wa Tokyo wala wa Uswisi, bali wa pwani ya magharibi ya Bara Hindi, pale ipitapo reli ya Konkan, yenye urefu wa kilomita zaidi ya 700 baina ya milima na bahari, iliyofunguliwa yote mwaka 1998. Baada ya ajali mbaya za mwaka 2003 na 2004, zilizotokea wakati wa mvua za masika ya kusi, reli hiyo ilishika ada ya kuwa na ratiba mbili: ya kiangazi, na ya mvua inayoanza karibu na tarehe 10 Juni na kuendelea mpaka mvua zikatike. Katika ratiba ya mvua treni huenda polepole zaidi, saa za kufika husogezwa mbele, na walinzi hutembea juu ya njia wakitazama mawe yaliyoporomoka. Abiria wa Konkan hakudanganywa. Aliambiwa mapema, kwa karatasi, kwamba kwa miezi minne safari yake itakuwa ndefu. Kuna heshima katika kumwambia mtu hivyo. Nasi kwa nini tusiwe na ratiba ya Novemba mpaka Aprili, yenye treni chache na mwendo mdogo, na ratiba ya Mei mpaka Oktoba, yenye treni za ziada, kila moja ikitangazwa kabla ya majira yake na kubandikwa katika kila kituo kuanzia Lubumbashi mpaka Kolwezi?

Tukitaka kujifunza kwa jirani, tusipuuze Dar es Salaam. Mwezi Oktoba 2012 mji ule, uliokuwa ukikosa pumzi kwa foleni za magari, ulianza kupitisha treni za wafanyakazi juu ya reli kongwe mbili, moja baina ya stesheni ya mjini na Ubungo, na ya pili juu ya njia ya TAZARA, reli iendayo Zambia. Watu wakaiita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Njia haikuongezwa hata hatua moja. Treni zilipita asubuhi na jioni tu, mchana hakuna. Na ingawa mabehewa yalijaa mpaka watu wakakosa pa kuweka mguu, neno lilikuwa moja: asubuhi ipo, jioni ipo. Nairobi nako, mwezi uliofuata, kituo kipya cha Syokimau kilifunguliwa kwa mtindo uleule, na mwaka 2020 wakaongeza treni zilizokwisha kutumika katika kisiwa cha Mallorca, zenye injini ndani ya behewa lenyewe. Hapa pana faida kwetu kuliko inavyodhaniwa: treni ya namna hiyo haihitaji kichwa kuzungushwa mwisho wa safari, dereva huhamia chumba cha upande wa pili akarudi alikotoka, na dakika zinazookolewa pale ndizo zinazolinda saa ya treni ifuatayo. Tena TAZARA ina upana uleule wa reli yetu, hata behewa laweza kutoka Dar es Salaam likapita Kapiri Mposhi na Sakania likafika Likasi bila kubadili magurudumu. Mabehewa ya kuazima yapo duniani. Tunachokosa si mabehewa peke yake.

Tunachokosa, kwanza, ni umeme wa kutumainika. Hata reli mpya ya Tanzania, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2024 kwa nyaya mpya kabisa, ilisimama njiani katika siku zake za mwanzo, na shirika la reli likaeleza kwamba waliosababisha hitilafu ni ngedere na ndege. Watu walicheka, nami nilicheka, lakini wanyama wale wamo katika kila msitu. Sisi tunayo Mwadingusha, karibu na mlango wetu, ambayo mitambo yake 6, yenye nguvu ya megawati 78, ilifanywa upya na kukamilika mwaka 2021 kwa fedha za mgodi wa Kamoa, na kwa sababu hiyo mgodi ule ndio wa kwanza kunywa katika kisima hicho. Treni ya umeme isiyo na umeme ni ghala. Maadamu hali ni hiyo, treni ya abiria ivutwe na kichwa cha dizeli chini ya nyaya za umeme, ijapokuwa ni aibu, maana aibu hiyo ina nafuu kuliko ile ya kungoja.

Pili ni watu. SNCC, shirika letu la reli, limepata fedha na vichwa vipya vya treni kutokana na mradi wa Benki ya Dunia ulioidhinishwa mwaka 2010, ilhali wafanyakazi wake wamedai malimbikizo ya mishahara kwa miaka na miaka. Hakuna ratiba inayoshikwa na mtu asiyelipwa. Mwenye kushika zamu ya usiku katika kituo cha kupishana, peke yake na taa yake, ndiye mwenye ratiba yote mkononi. Akiondoka dakika kumi kwenda kutafuta chakula cha watoto, treni mbili zitangoja. Fedha zinazotafutwa kwa treni ya tatu zimlipe kwanza huyo.

Na huku sisi tukibishana, njia inatafutiwa wateja wengine. Tangu mwaka 2023 reli ya Angola mpaka bandari ya Lobito imo mikononi mwa kampuni ya Lobito Atlantic Railway kwa mkataba wa miaka 30, na mataifa makubwa yanashindana kuahidi fedha ili shaba na kobalti zitoke upande ule. Ni habari njema kwa barabara yetu, ambayo malori ya shaba na tindikali yameigeuza kuwa hatari kwa kila basi. Lakini kila treni ya madini itakayoongezwa baina ya Lubumbashi, Likasi na Tenke itataka nafasi yake katika vituo vilevile vya kupishana, na mwenye mgodi ana mwanasheria wa kumwandikia nafasi hiyo katika mkataba. Abiria hana.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na nalitaja kwa saa ili lisije likageuzwa kuwa hotuba. Nataka treni moja itoke Likasi saa kumi na mbili asubuhi, na irudi kutoka Lubumbashi saa kumi jioni, kila siku ya kazi, kiangazi na mvua. Katika miezi ya mvua iruhusiwe kutumia saa moja zaidi njiani, na saa hiyo iandikwe waziwazi. Treni za madini zipangwe baada ya hiyo, usiku na mchana, kwa kadiri nafasi itakavyoruhusu. Saa halisi ya kufika iandikwe kila siku ubaoni, mbele ya watu, kwa chaki, na kila mwisho wa mwezi orodha ipelekwe kwa meya wa Likasi na kwa gazeti. Orodha hiyo ikionyesha majira mazima ya mvua ambayo treni imefika ndani ya robo saa ya ahadi yake, hapo tuanze kuzungumza juu ya treni ya pili, ya saa sita mchana, nayo ianze mwezi wa Mei, njia ikiwa kavu.